Riposti iliondoka, vijana wetu walibaki

Wamama wapendwa wa Mabalako na Mangina, na ninyi mnaotusoma huko Beni na Butembo, juma hili tunalijibu swali ambalo limetufikia karibu katika kila kikundi tulichotembelea. Linaulizwa kwa maneno mbalimbali, lakini ni lile lile. Mtoto wangu ana diploma ya serikali. Alifanya kazi katika riposti ya Ebola, alileta pesa nyumbani, na tangu riposti iondoke anakaa tu. Tumnunulie pikipiki? Tumpe mtaji wa butike? Au tungoje, labda kazi nyingine itakuja?

Tukumbushane kwanza namna mambo yalivyokuwa, kwa sababu tumeanza kusahau. Ugonjwa ulitangazwa hapa kwetu, Mangina, tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, na katika hesabu hiyo kuna watoto wetu, waume wetu na waganga wetu. Hakuna mama anayetamani siku zile zirudi. Lakini katika ile miezi karibu 23 kazi zilikuwepo kama ambavyo hazijawahi kuwepo tangu tuzaliwe. Kijana alipewa kipima joto na kusimama kwenye barieri. Mwingine alitia klorini katika ndoo ya kunawia mikono. Wengine walizika wafu, waliandika majina ya waliokutana na wagonjwa, waliendesha magari, walipikia wageni, walitafsiri Kinande kwa watu waliotoka mbali. Walilipwa kwa siku, tena kwa dola. Pesa ambayo mwalimu wa shule ya msingi aliingojea mwezi mzima, kijana wa barieri aliweza kuipata kwa siku chache. Ndiyo sababu waalimu wengine waliacha chaki, na wauguzi wengine waliacha vituo vya afya wakaenda kule. Bei ya nyumba za kupanga ilipanda, na maneno "Ebola biashara" yakasikika kila mahali, mara kwa mzaha, mara kwa hasira.

Halafu magari yalipakiwa na hema zikakunjwa.

Waliobaki ni vijana wenye beji shingoni na tabia mpya. Walikuwa wamezoea kazi inayokuja na orodha: unaandikwa jina, unapewa kizibao, jioni unatia sahihi unalipwa. Ugonjwa uliporudi kidogo upande wa Butembo mwanzoni mwa mwaka 2021, na Beni mwishoni mwa mwaka ule ule, tuliwaona wengine wakizitafuta beji za zamani katika mabegi. Wamama, tusiwacheke. Mtu aliyeonja mshahara mara moja anautafuta pale alipouonja. Lakini kungoja ugonjwa ndio upate kazi ni kungoja kubaya, na mtoto mwenyewe anajua, ndiyo maana hapendi tulitaje jambo hilo mezani.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walipitia lingine kubwa zaidi. Zamani za Mobutu, mwenye masomo alikuwa mtu wa serikali: karani, mwalimu, askari, mfanyakazi wa kampuni ya serikali. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba makubwa ya wageni yatapewa Wazaire, na watu wakadhani mali imefika. Wengi waliopewa waliuza yaliyokuwa rafuni wakafunga mlango. Baadaye mshahara wa serikali uliliwa na kupanda kwa bei hata haukutosha kununua gunia, na mwezi wa 9 mwaka 1991 askari wasiolipwa waliiba maduka ya Kinshasa. Hapo ndipo ile "Ifungu 15" ikawa sheria ya kila nyumba: jitafutie. Haikuandikwa katika kitabu chochote cha Mobutu, ni mzaha wa watu, lakini ilifuatwa kuliko zote zilizoandikwa.

Wazee wa Butembo hawakuingoja Kinshasa. Walianza na mboga za milimani, wakapakia maharagwe, wakauza kahawa kupitia Kasindi hadi Uganda na Kenya, na watoto wao leo wanaagiza bidhaa Dubai na Guangzhou. Tunapenda kuisimulia hadithi hiyo, na vijana wamechoka kuisikia. Tukiwa wakweli, tunaisimulia nusu tu. Ile ile Ifungu 15 ndiyo iliyomfundisha askari kujitafutia kwenye barieri kwa mifuko ya wamama wanaotoka sokoni, na hakimu kujitafutia kwa kesi zetu. Kujitafutia bila sheria kulituletea wafanyabiashara hodari na wanyang'anyi hodari kutoka shule moja.

Nchi nyingine ziliona mambo yanayofanana na haya. Kule Poland, Ulaya ya Mashariki, karibu viwanda vyote vilikuwa vya serikali ya kikomunisti hadi mwaka 1989. Utawala ule ulipoanguka, viwanda vingi vikafungwa, na watu wenye diploma wakatandika vitanda vya kukunja, vile vya askari, kando ya njia na kuuza juu yake soksi, sabuni na kaseti. Uwanja mkubwa wa mpira wa mji wa Warsaw uligeuka soko ambalo lilidumu karibu miaka 20. Leo uwanja mpya umejengwa pale pale. Na jirani zetu Watanzania, walipokuwa bado katika ujamaa, walitunga mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na kazi inayotambuliwa wakakamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini wakalime. Miaka si mingi baadaye wale wale waliokuwa wakikimbizwa walijaa barabarani wakiitwa wamachinga, na mwaka 2018 serikali ikawauzia vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wafanye biashara bila kusumbuliwa. Kijana ni yule yule na meza ni ile ile, ila jina alilopewa na wakubwa limebadilika.

Lakini yule wa Warsaw aliyetandika kitanda chake alirudi nyumbani jioni bila kuogopa msitu. Sisi tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 tunazika watu wa Beni waliochinjwa, na kijana wetu anaambiwa ajiajiri mahali ambapo shamba la baba yake halifikiki. Kwa hiyo mama asimwite mtoto wake mvivu kabla hajahesabu barabara ngapi zimefungwa.

Sasa pikipiki, kwa sababu tunajua hapo ndipo pesa za wamama zinapokwenda.

Tufanye hesabu pamoja, chukueni kalamu. Tuseme pikipiki inanunuliwa dola 1,200. Tuseme kijana anarudisha dola 4 kila siku ya kazi, siku 6 kwa juma. Ni dola 24 kwa juma, na majuma 50 yanatosha kurudisha 1,200. Mwaka mmoja! Ndivyo wanavyotuambia vijana, na hesabu yao ni sahihi kwenye karatasi. Ila ndani ya mwaka kuna malaria. Kuna siku ya mji kufungwa kwa maandamano, siku ya risasi, siku ya matanga, siku pikipiki iko kwa fundi, siku ya polisi wa rulaji. Ondoeni majuma 12 tu. Yanabaki 40, na deni linaisha baada ya mwaka na miezi mitatu, wakati ambapo pikipiki nayo imezeeka na inaomba gurudumu, mnyororo, betri.

Hiyo ni kama pesa ni ya mama mwenyewe. Je, kama ameikopa katika AVEC yetu? Vikundi vingi hapa vinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Asilimia 10 ya dola 1,200 ni dola 120. Kijana analeta dola 24 mara nne, ni 96. Wamama, someni tena: malipo yake hayafiki hata kwenye riba. Kila mwezi anapanda pikipiki tangu alfajiri, na kila mwezi deni la mama yake linakua. Hata kikundi kikitoza asilimia 5, na riba ikihesabiwa kwa deni linalobaki tu, itachukua miezi 20 bila kukosa hata juma moja. AVEC iliumbwa kwa mikopo midogo ya miezi mitatu hivi, na mkopo usiozidi mara tatu ya akiba ya mtu. Inafaa kwa gunia la unga, kwa jeri ya mawese, kwa mtaji wa sabuni na samaki. Mama anayeiombea pikipiki kwa majina ya marafiki zake watatu, kama tulivyoona katika zaidi ya kikundi kimoja, anawaweka wote wanne juu ya kiti kimoja cha nyuma.

Hatusemi pikipiki isinunuliwe. Wamotari ndio wanaobeba wagonjwa wetu usiku na kakao yetu mchana, na nyumba nyingi hapa zinakula kwa pikipiki. Tunasema inunuliwe kwa pesa isiyo na riba: kwa likirimba, ambapo mnachangiana na kila mmoja anapokea zamu yake, au kwa mavuno ya kakao ya familia. Karti roze iandikwe kwa jina la aliyetoa pesa hadi amalize. Mapatano yaandikwe, hata kama ni mtoto wa tumbo lako, tena zaidi kama ni mtoto wa dada yako: analeta kiasi gani, siku gani hafanyi kazi, nani analipa fundi, nini kinatokea akivunjika mguu. Mara nyingi tumeona ndugu wawili wakiacha kusalimiana kwa sababu ya pikipiki moja, na ukiuliza karatasi iko wapi, hakuna. Na tena kofia ya chuma. Tunajua hawaipendi.

Tuje kwa kakao. Wazee wanakumbuka kahawa ya robusta ilivyokauka ikiwa imesimama, miaka ya 1990, kwa ule ugonjwa wa kunyausha. Waliong'oa kahawa walipanda kakao, na leo Mabalako bila kakao hatujui ingekuwa nini. Mti unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo si jibu la kijana anayetaka pesa mwezi ujao. Lakini kuna kazi katikati, kati ya tunda na gunia, ambayo vijana wetu wanaiacha ipite mbele ya macho yao.

Wengi wanauza kakao mbichi, ile yenye ute, kando ya njia siku ile ile ya kuvuna. Mnunuzi anaipima, analipa, anaondoka, na kazi inayoongeza thamani anaifanya yeye. Kuvundika kakao kunahitaji sanduku la mbao au kapu, majani ya ndizi ya kufunikia, na siku tano au sita, huku ukiigeuza kila baada ya siku mbili ili joto lienee. Kukausha ni kama juma moja la jua, juu ya meza iliyoinuka, si chini kwenye udongo ambapo mbuzi na mavumbi wanapita. Kilo 100 mbichi zinatoa karibu kilo 35 hadi 40 kavu. Kwa hiyo msilinganishe bei ya kilo kwa kilo, mtadanganyika. Zidisheni bei ya kavu kwa 35, linganisheni na bei ya mbichi kwa 100, halafu ndipo muamue. Kuna majuma ambapo tofauti haifai jasho. Kuna mengine ambapo inalipa shule.

Vijana wanne au watano wenye sanduku tatu na meza mbili hapa kwenye senta, karibu na nyumba, wanaweza kununua kwa wamama, kuvundika, kukausha na kuuza kwa gunia. Hawalazimiki kuingia msituni. Hilo kwetu ndilo kubwa kuliko bei. Kwa sababu bei ya kakao ilipopanda ulimwenguni hata kupita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, tuliona vijana wakikubali kuvuna mashamba ambayo wenyewe waliyakimbia, kwa kugawana nusu kwa nusu. Wengine hawakurudi. Mwaka uliofuata bei ile ilishuka sana, na waliokufa kwa ajili yake hawakushuka pamoja nayo. Mama akiambiwa kuna shamba "limetulia" upande fulani, aulize nani amesema, na kama huyo aliyesema anamtuma mtoto wake mwenyewe. Tunajua ni rahisi kuandika hivi na ni vigumu kulisema mbele ya sufuria tupu. Tunaliandika hata hivyo.

Mtaji wa kazi hii uwe mdogo kwanza, wa magunia mawili. Kakao inayovundikwa vibaya inaoza, na ni afadhali ioze gunia moja la kujifunzia.

Binti zetu tusiwasahau, ingawa swali linapoletwa karibu kila mara linasema "kijana wangu" na mama anamaanisha wa kiume. Binti naye ana diploma, naye alifanya kazi katika riposti, na baadhi yao walilipishwa kwa mwili ndipo waandikwe kwenye orodha. Hili halina siri tena. Mwezi wa 9 mwaka 2021 tume huru iliyoundwa kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, OMS, ilitoa ripoti juu ya mambo ya hapa kwetu. Ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Wasichana waliahidiwa kazi, au waliambiwa kwamba hiyo ndiyo njia ya kubaki kazini. Wengine walibaki na watoto, na watoto wale wanasoma leo pamoja na wajukuu wetu.

Tunalitaja kwa sababu miradi mingine inakuja, midogo, kila mmoja na orodha yake. Mama amwambie binti yake mapema, kabla orodha haijafika: kazi ya kweli ina tangazo, ina karatasi, ina ofisi yenye mlango wazi mchana. Anayekupa miadi ya hotelini jioni ili "tuangalie faili yako" hana kazi ya kukupa. Na binti akirudi na habari kama hiyo, swali la kwanza la mama lisiwe "ulivaa nini?" Wengi walinyamaza kwa kuogopa swali hilo hilo, la nyumbani, kuliko walivyomwogopa mwenye faili.

Kwa aliyeolewa kuna jambo ambalo bado wengi hawalijui. Sheria ya Jamaa ilirekebishwa mwaka 2016, na tangu hapo mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye mkataba au aingie kazini. Tunajua sheria iko Kinshasa na mume yuko sebuleni, na kwamba katika ofisi nyingine bado wanauliza "bwana amekubali?" Jibu kwa upole kwamba sheria imebadilika, na simama pale pale. Cherehani iandikwe kwa jina la anayeishona.

Na diploma? Isitupwe. Cheti cha riposti pia kisitupwe: kijana aliyeandika orodha za waliokutana na wagonjwa kwa mwaka mzima bila kukosea anajua kuweka daftari kuliko wengi wetu. Vikundi vyetu vina daftari zinazolia. Tunaomba kila kikundi kifikirie kumchukua kijana mmoja, wa kike au wa kiume, aandike hesabu za AVEC na likirimba kwa malipo madogo kila mkutano. Tulijaribu jambo hilo katika kikundi kimoja cha Mangina msimu uliopita. Kijana aligundua kwamba kikundi kilikuwa kimemtoza mama mmoja riba mara mbili kwa miezi mitatu. Alirudishiwa pesa yake mbele ya wote, akanunua jeri mbili za mawese, na sasa anauza sabuni.

Juma lijalo tutaandika juu ya sabuni hiyo: soda kiasi gani kwa mawese kiasi gani, na kwa nini ile ya mara ya kwanza ilichubua mikono. Wenye hesabu zao za pikipiki, zilizofaulu na zilizoshindwa, watuletee. Tutazichapa bila majina.